Kirusi Kikiingia, Kiishie Chumba Kimoja: Namna ya Kupunguza Madhara ya Programu Hasidi

(Matini ya mazungumzo na watumiaji wa huduma za mawasiliano wa Kilosa na Mikumi, Mkoa wa Morogoro)



Tumekuja kuzungumza nanyi juu ya jambo ambalo wengi wetu hulijua kwa jina moja tu, yaani virusi vya kompyuta. Kila tunapokwenda, swali la kwanza huwa hili: "Nifanye nini ili kirusi kisiingie kwenye kompyuta au simu yangu?" Ni swali zuri, na majibu yake yamo katika vijitabu vyetu vingine: usifungue viungo usivyovijua, usimpe mtu namba yako ya siri, usipakue programu kutoka pasipojulikana. Leo, hata hivyo, tunaomba ruhusa yenu tuulize swali la pili, ambalo huulizwa mara chache na kwa kawaida huulizwa kwa kuchelewa: "Kirusi kikishaingia, kitaharibu kiasi gani?"

Tunauliza hivyo kwa sababu jibu la swali hilo huamuliwa siku nyingi kabla ya kirusi kufika. Huamuliwa na jinsi mtu alivyopanga vitu vyake: nani ana ruhusa ya kufanya nini, kipi kimeunganishwa na kipi, na nakala ya kile asichoweza kukipoteza imewekwa wapi.

Somo la Mto Mkondoa

Hapa Kilosa hatuhitaji kwenda mbali kutafuta mfano. Mwishoni mwa mwaka 2009 na mwanzoni mwa mwaka 2010, mvua kubwa ziliujaza Mto Mkondoa, tuta la kuukinga mji likashindwa, na maji yakaingia katika makazi ya watu. Maelfu walihama nyumba zao na kuishi kambini. Reli ya Kati ilisombwa kati ya Kilosa na Gulwe, na safari za treni zikasimama.

Tuta lilikuwa kinga, na kinga ni jambo jema. Lakini siku tuta lilipokatika, urefu wake haukuwa na maana tena. Swali likawa jingine kabisa: vyeti vya watoto vilikuwa wapi, mbegu za msimu ujao zilikuwa wapi, akiba ya nyumba ilikuwa wapi? Hatusemi hivyo kuwalaumu waliopoteza mali, kwa maana mafuriko hayamwulizi mtu kama amejiandaa. Tunasema hivyo kwa sababu mji huu unajua, kuliko miji mingi, kwamba pamoja na kujenga tuta lazima watu wajiulize maji yatafika wapi siku tuta likikatika.

Ndugu zetu wa Mikumi nao wanajua jambo kama hilo kwa njia ya moto. Anayeishi jirani na hifadhi hujua kwamba moto wa kiangazi hauwezi kuzuiwa usiwake popote. Ndiyo maana hufyekwa njia za kuzuia moto, ili ukiwaka upande mmoja usivuke kwenda upande wa pili. Njia hiyo haizimi moto. Kazi yake ni kuunyima kuni. Hicho ndicho tutakachokifanya leo kwa kompyuta na simu zetu.

Programu hasidi hufanya kazi vipi?

Programu hasidi ni programu kama nyingine, isipokuwa imetungwa kwa nia mbaya. Zipo zinazojizalisha na kuhama kutoka kifaa kimoja hadi kingine. Hizo ndizo virusi na minyoo. Zipo za kijasusi, ambazo hukaa kimya zikisoma nywila na jumbe zetu. Zipo pia za kudai kikombozi, ambazo huyafunga mafaili yetu kwa msimbo tusioweza kuusoma, kisha hutoa tangazo kwenye kioo likidai fedha ili yafunguliwe.

Katika hayo yote kuna kanuni moja ambayo tungependa kila mmoja aondoke nayo: programu hasidi, kwa kawaida, huazima mamlaka ya mtu aliyeifungua. Ikiwa wewe unaweza kufuta kila kitu katika kompyuta, nayo itaweza. Ikiwa kompyuta yako inafungua folda za kompyuta nyingine tatu za ofisini, nayo itazifikia zote nne. Ikiwa programu uliyoipakua kwenye simu umeipa ruhusa ya kusoma jumbe zako, itasoma hata ujumbe wenye tarakimu za uthibitisho kutoka benki. Kwa hiyo, kupunguza madhara ni kupunguza yale ambayo programu yoyote, njema au mbaya, inaweza kuyagusa.

Mifano miwili ya mwaka 2017

Tarehe 12 Mei 2017 programu ya kudai kikombozi iliyoitwa WannaCry ilisambaa katika nchi zaidi ya 150. Ilidai dola 300 kwa kila kompyuta. Nchini Uingereza hospitali za umma zililazimika kuahirisha maelfu ya miadi ya wagonjwa. Jambo la kuhuzunisha ni kwamba kampuni ya Microsoft ilikuwa imekwisha kutoa sasisho la kuziba tundu hilo tangu tarehe 14 Machi mwaka huohuo, karibu miezi miwili kabla. Wengi hawakuwa wameliweka. Tena programu hiyo haikuhitaji mtu afungue kiungo chochote: ikishaingia katika kompyuta moja, ilizitafuta nyingine zilizounganishwa nayo na kuziingia yenyewe.

Mfano wa pili unafundisha zaidi. Tarehe 27 Juni 2017 programu iliyoitwa NotPetya iliingia katika makampuni mengi kupitia sasisho la programu ya uhasibu iliyotumika sana nchini Ukraine. Tazameni hapo: watu waliosasisha programu zao, kama tunavyowahimiza daima, ndio walioingiliwa. Kampuni ya meli ya Maersk ya Denmark, ambayo makontena yake tunayaona hata katika bandari zetu za Dar es Salaam na Mombasa, ilipooza ndani ya saa chache. Baadaye ililazimika kuweka upya seva zipatazo 4,000 na kompyuta zipatazo 45,000.

Kampuni hiyo ilikuwa na seva maalumu zenye orodha ya watumiaji wote na ruhusa zao, na bila hizo hakuna ambacho kingeweza kurejeshwa. Zilikuwa nyingi, tena zilinakiliana, kila moja ikiwa akiba ya nyingine. Lakini kwa kuwa zote zilikuwa zimeunganishwa, zote zilifutwa kwa pamoja. Kwa mujibu wa taarifa zilizochapishwa mwaka 2018, moja tu ndiyo iliyopona: ile ya ofisi ya Ghana. Iliokolewa na kukatika kwa umeme. Programu hasidi ilipopita, seva ile ilikuwa imezimika na haikuwa kwenye mtandao. Diski yake ilibebwa kwa mkono hadi Nigeria, ikakabidhiwa mtumishi mwingine, naye akapanda nayo ndege kwenda Uingereza. Kutokana na diski hiyo moja kazi ya kuijenga upya mifumo ya kampuni ikaweza kuendelea.

Sisi tuliozoea kulalamikia kukatika kwa umeme tuna haki ya kutabasamu kidogo. Lakini fundisho lake ni zito: nakala iliyounganishwa muda wote huangamia pamoja na asili yake. Nakala inayookoa ni ile ambayo kirusi hakiwezi kuifikia. Kampuni ile iliipata kwa bahati. Sisi tuipate kwa mpango.

Wala tusidhani kwamba mambo haya ni ya Ulaya tu. Mwezi Aprili 2023, kwa jirani zetu wa Kenya, maduka makubwa ya Naivas yalitangaza kwamba yameshambuliwa na programu ya kudai kikombozi na kwamba baadhi ya taarifa zao zilichukuliwa.

Hatua ya kwanza: punguza ruhusa

Tuchukue mfano wa steshenari, kwa kuwa ndiko wengi wetu tunakokutania na kompyuta. Kompyuta ni moja. Asubuhi inachapa barua za maombi ya kazi, mchana inatoa kopi za vitambulisho, jioni mwenye duka anaingiza hesabu zake na kufungua akaunti yake ya benki. Kwa siku moja inachomekwa flashi za watu ambao hawafahamiani. Flashi moja ikiwa na kirusi, jioni kila mteja anaondoka nacho. Wengi wenu mmekwisha kuona dalili yake: unafungua flashi na kukuta folda zako zimegeuka vijalada vidogo vyenye mshale, na ukikibofya kimoja ndipo unapokiamsha kirusi chenyewe. Aghalabu mafaili halisi hayajafutwa, yamefichwa tu. Kwa hiyo usiharakishe kuifuta flashi yote. Mpelekee fundi anayejua, ayafichue mafaili na kukiondoa kirusi.

Duka kama hilo lifanye nini? Kwanza, kompyuta iwe na akaunti mbili: ya msimamizi na ya kawaida. Akaunti ya msimamizi iwe na nywila, nayo itumike tu wakati wa kuweka programu mpya au kurekebisha mfumo. Kazi za kila siku zifanyike katika akaunti ya kawaida. Hapo programu ngeni ikitaka kujiweka ndani kabisa ya mfumo, itasimama mlangoni na kudai nywila ambayo haipo mikononi mwa anayechapa barua. Kufungua akaunti ya pili hakugharimu hata shilingi moja.

Tuseme kweli, hata hivyo: akaunti ya kawaida haiyalindi mafaili ya mwenye akaunti hiyo. Kirusi bado kinaweza kuharibu yale ambayo yeye mwenyewe anaweza kuyabadili. Ndiyo maana hatua moja haitoshi. Katika Windows 10 na 11 kuna pia kinga inayozizuia programu zisizoaminika kubadili mafaili katika folda utakazozichagua. Kinga hiyo haijiwashi yenyewe. Mwombe fundi wako akuonyeshe ilipo katika sehemu ya usalama wa Windows.

Hatua ya pili: tenganisha vyumba

Nyumba yenye chumba kimoja ikiungua, imeungua yote. Mwenye steshenari aliye na uwezo wa kuwa na kompyuta mbili, hata ya pili ikiwa kuukuu, aitenge moja kwa ajili ya flashi za wateja na nyingine kwa ajili ya hesabu na benki, na flashi ya mteja isivuke kamwe. Asiye na uwezo huo aanze na jambo moja tu: shughuli za benki na barua pepe za biashara zisifanyike katika kompyuta inayopokea flashi za watu.

Wenye nyumba za wageni za Mikumi mnatoa Wi-Fi kwa wasafiri wa barabara kuu na watalii wa hifadhi. Ni huduma nzuri. Ila mgeni asiingie katika mtandao uleule unaotumiwa na kompyuta ya mapokezi na mashine ya malipo. Ruta nyingi za siku hizi zina nafasi ya mtandao wa wageni wenye jina na nywila yake. Uwasheni. Na nywila iliyokuja na ruta kutoka kiwandani ibadilishwe.

Kwa mawakala wa fedha tuna ushauri mmoja unaotekelezeka leo hii: laini ya uwakala iwekwe katika simu ya vitufe, ile mnayoiita kiswaswadu. Simu hiyo haina nafasi ya kupakuliwa programu za ovyo, na huduma za fedha kwa kupiga namba zinafanya kazi humo vizuri kabisa. Simu janja ibaki kwa picha, video na mazungumzo. Hata yakitokea maafa kwenye simu janja, mtaji wa kazi umebaki chumba kingine.

Na asiye wakala anaweza kufuata mantiki hiyohiyo: fedha za matumizi ya wiki zikae kwenye simu, akiba ya ada na ya matibabu ikae penginepo, katika akaunti ambayo haifunguliwi na simu hiyo.

Hatua ya tatu: simu janja na ruhusa zake

Simu hutegemea sana ruhusa. Programu ya tochi haina haja ya kusoma jumbe zako. Programu ya kikokotoo haina haja ya kujua majina ya watu walio katika simu yako. Fungua sehemu ya mipangilio, tazama ruhusa za programu moja baada ya nyingine, na uondoe kila ruhusa isiyo na sababu. Iogopeni hasa ruhusa ya ufikivu, iliyobuniwa kuwasaidia wenye ulemavu: programu iliyopewa ruhusa hiyo inaweza kusoma kilicho kwenye kioo na hata kubofya kwa niaba yako. Usiikubali isipokuwa unaijua programu yenyewe na unajua kwa nini unaihitaji.

Mafaili yanayotumwa katika makundi ya WhatsApp yakiwa yanaishia na herufi "apk" ni programu kamili zinazosubiri kuwekwa katika simu yako. Hata yakibeba jina la zawadi, la mwaliko wa harusi au la benki unayoijua, usiyafungue. Programu ya benki au ya mtandao wa simu ipakue kutoka katika duka rasmi la programu.

Madhara ya ruhusa hayaishii kwa mwenye simu. Mwezi Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitoa orodha ya majukwaa na programu 69 za mikopo ya mtandaoni zilizokuwa zikifanya kazi bila leseni. Programu za namna hiyo hupenda kuomba orodha ya majina yaliyo katika simu. Mkopaji akichelewa, wanaosumbuliwa ni mama mkwe, mwajiri na mwenyekiti wa kikundi. Ukiitoa orodha hiyo, umetoa mali ya watu ambao hawakukopa.

Hatua ya nne: nakala rudufu isiyofikika

Hii ndiyo hatua inayozidi zote. Kanuni inayotumika duniani ni rahisi kukumbuka: nakala tatu, katika vyombo vya aina mbili, na moja ikae mahali pengine. Kwa mwalimu, kwa mfano, nakala ya kwanza ni ile ya kompyuta mpakato anayoitumia. Ya pili iwe katika diski ya nje au flashi iliyotengwa kwa kazi hiyo pekee. Ya tatu iwe katika hifadhi ya mtandaoni. Akaunti ya Google hutoa nafasi ya GB 15 bila malipo, na nafasi hiyo inatosha nyaraka nyingi za mtu wa kawaida.

Zingatieni mambo matatu. La kwanza, diski ichomekwe wakati wa kunakili tu, kisha ichomolewe na kuwekwa kabatini. Mkumbuke seva ya Ghana. La pili, folda inayonakiliwa mtandaoni papo kwa papo huweza kunakili pia uharibifu. Huduma nyingi huhifadhi matoleo ya zamani ya mafaili kwa siku kadhaa, kwa hiyo ukigundua mapema unaweza kurudisha lile la jana. Usitegemee kwamba utaweza baada ya miezi mitatu. La tatu, ijaribuni nakala. Mara moja kila baada ya miezi michache, ichomekeni katika kompyuta iliyo salama na mfungue mafaili mawili matatu. Nakala isiyojaribiwa ni kama mbegu zisizopimwa uotaji: utajua ni mbovu wakati mvua imekwisha kunyesha.

Kikundi cha kuweka na kukopa, chama cha ushirika, na ofisi ya kijiji wana njia moja ya zamani ambayo tunaiheshimu: daftari. Muhtasari wa salio la kila mwanachama ukichapwa kila mwisho wa mwezi na kufungiwa kabatini, hakuna kirusi kitakachoufuta.

Masasisho, na vifaa vilivyozeeka

Mfano wa NotPetya usiwafanye watu waache kusasisha. Matundu yanayozibwa na masasisho ni mengi mno kuliko masasisho machache yaliyowahi kuchafuliwa. WannaCry iliwaumiza wasiosasisha. Bando likiwa dogo, sasisha ya mfumo kwanza, kisha kivinjari, kisha programu za fedha na mawasiliano.

Lakini zipo kompyuta zisizopata masasisho tena. Windows 7 iliacha kuhudumiwa tarehe 14 Januari 2020, na huduma ya kawaida ya Windows 10 ilikoma tarehe 14 Oktoba 2025. Mtu anayenunua kompyuta ya mtumba aulize inatumia mfumo gani kabla ya kulipa. Ambaye tayari anayo na hawezi kununua nyingine, aitumie kuandikia na kuchapia bila intaneti. Asiitumie kwa benki. Na programu za kulipia zinazogawiwa bure baada ya kuvunjwa kufuli zake ziepukwe: aliyelivunja kufuli hilo anaweza kuwa ameacha kitu chake ndani.

Saa ya kwanza baada ya kuingiliwa

Ikitokea kioo kimeandikwa tangazo la kudai fedha, au simu inatuma jumbe usizoziandika, fanya haya kwa utulivu na kwa mpangilio.

Kwanza, kitenge kifaa. Zima data na Wi-Fi, chomoa waya wa mtandao, chomoa flashi na diski. Usichomeke nakala yako rudufu katika kifaa hicho kwa haraka ya kuokoa, utaipoteza nayo.

Pili, tumia kifaa kingine kilicho salama kubadili nywila. Anza na barua pepe, kwa sababu anayeishika barua pepe yako anaweza kubadili nywila nyingine zote. Washa uthibitisho wa hatua mbili.

Tatu, kwa simu ya mtu mwingine piga huduma kwa wateja ya mtandao wako na ya benki yako, uombe akaunti isimamishwe kwa muda.

Nne, piga picha ya tangazo au ujumbe uliouona, uandike tarehe na saa. Huo ni ushahidi.

Tano, usikimbilie kulipa. Aliyekufungia mafaili hana ahadi unayoweza kumdai mahakamani. Waliolipa kwa ajili ya NotPetya hawakurudishiwa kitu, kwa kuwa programu ile ilitungwa kuharibu. Kwa upande mwingine, zipo aina kadhaa za programu za kikombozi ambazo funguo zake zimekwisha kupatikana na hutolewa bure kupitia mradi wa No More Ransom, ulioanzishwa mwaka 2016 na polisi wa Uholanzi, Europol na washirika wao. Yatunzeni mafaili yaliyofungwa, hata kama leo hayafunguki.

Sita, toa taarifa kituo cha polisi. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inatambua kuingilia mifumo na kuharibu taarifa kuwa makosa. Jumbe za kitapeli zinazokuja kwa simu zitumwe kwenda namba 15040. Na mtoa huduma wako akishindwa kukusikiliza, lalamika kwake kwanza kwa maandishi. Usiporidhika, lete lalamiko lako kwa Mamlaka.

Saba, waambie wanaoguswa. Wenye steshenari, hapa tunawaomba kwa namna ya pekee. Kopi za vitambulisho vya NIDA, vyeti vya kuzaliwa na hati za viwanja mnazozichanganua mara nyingi hubaki katika kompyuta kwa miaka. Siku kompyuta hiyo ikiingiliwa, anayepotelewa ni mteja, naye hata hajui. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inamtaka anayekusanya taarifa za watu azilinde. Njia rahisi kuliko zote za kuzilinda ni kutokuwa nazo: kazi ikiisha, futa kopi, mteja akiwa bado amesimama mbele yako. Nawe mteja, usione haya kusema: "Ndugu yangu, naomba ulifute lile faili langu kabla sijaondoka."

Wanaosema hawana cha kuibiwa

Mara nyingi mtu hutuambia: "Mimi ni mkulima tu, nina cha kuibiwa gani?" Heshima zetu kwake, lakini tumwombe aihesabu simu yake upya. Mna picha za marehemu wazazi wake. Mna jumbe za malipo ya mpunga ambazo ndizo risiti zake pekee. Mna majina ya watu watakaomwamini mwizi akiwaandikia kwa jina lake kuomba fedha ya matibabu. Mvamizi hahitaji uwe tajiri, anahitaji uaminike.

Hivyo, kabla hatujaagana, tuwape kazi ya juma moja. Siku ya kwanza, nakili nyaraka na picha usizoweza kuzipoteza, kisha ukichomoe chombo ulichonakilia. Siku ya pili, pitia ruhusa za programu katika simu. Siku ya tatu, fungua akaunti ya kawaida katika kompyuta. Siku ya nne, sasisha. Siku ya tano, hamishia laini ya fedha za biashara katika simu ya vitufe. Siku ya sita, andika katika karatasi namba za huduma kwa wateja na uiweke mahali ambapo simu ikipotea bado utaiona. Siku ya saba, mfundishe mtu mmoja wa nyumbani kwako yale uliyoyafanya.

Hatuwaahidi kwamba baada ya juma hilo hakuna kirusi kitakachoingia. Atakayewaahidi hivyo anawauzia kitu. Tunachoweza kusema ni kwamba kitakachoingia kitakuta milango ya ndani imefungwa, na yale mnayoyathamini yamewekwa mahali pa juu.

Sasa tunakaribisha maswali, na tungependa kuanza na akina mama waliokaa nyuma.